DNS ya chuo: BIND, Unbound na NSD, au tuiachie ruta ya MikroTik?

Fundi_Raskazone (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Chuo ninachofanyia kazi hapa Tanga kimenitaka nipendekeze, kabla bajeti ya robo hii haijafungwa, namna ya kusimamia DNS, yaani mfumo unaogeuza majina kuwa namba za IP, katika mtandao wetu. Hadi sasa kompyuta nyingi zinapewa anwani na ruta ya mtoa huduma, nayo inazielekeza kwenye 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, kwa hiyo mfumo wa matokeo ya wanafunzi, ambao uko kwenye seva ya hapa hapa chuoni, tunaufungua kwa kuandika namba za IP. Hivi karibuni namba hiyo ilibadilika na ofisi ya taaluma ikakaa nusu siku bila kazi. Nimebaki na mapendekezo matatu: programu ya DNS ya BIND 9 kwenye seva moja, programu mbili za Unbound na NSD, au kununua ruta ya MikroTik na kuyaandika majina humo humo. Ipi ni bora?

Mzee_wa_Zoni

Mkuu, umeuliza kitambaa kinachofaa bila kutaja kimo cha mvaaji. Mna kompyuta ngapi? Mna Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia watumiaji na kompyuta? Kikoa cha chuo kilicho chini ya ac.tz mnataka kukihudumia wenyewe, au kiko kwa msajili wenu? Na ukienda likizo, nani atabaki na funguo za chumba cha seva? Nauliza kwa sababu watu husema "DNS" kana kwamba ni kazi moja, wakati ni mbili: kujibu kuhusu majina yako mwenyewe, na kuwatafutia watumiaji wako majibu ya majina ya wengine. BIND hufanya zote mbili. NSD hufanya ya kwanza tu, na Unbound kwa sehemu kubwa hufanya ya pili.

Nasra_wa_Kilindini

Salaam kutoka Mombasa. Hilo alilolitaja Mzee ndilo linalonifanya nipendelee Unbound. Programu hiyo na NSD zimetengenezwa na NLnet Labs ya Uholanzi kwa makusudi ya kutenganisha kazi hizo mbili, ili hitilafu ya upande mmoja isiangushe upande wa pili. Kwa chuo chenye majina machache ya ndani sioni hata haja ya NSD, kwa sababu Unbound inakubali kuandikiwa majina hayo moja kwa moja kwenye faili lake la mipangilio, mstari mmoja kwa kila rekodi. Tena mwaka 2008, Dan Kaminsky alipoonyesha jinsi akiba ya majibu (cache) ya seva nyingi za majina ilivyoweza kutiliwa majibu ya uongo, Unbound tayari ilikuwa ikibadilisha mlango wa kutokea (port) kwa kila swali ili mshambuliaji asiubashiri, wakati wengine walikesha wakiweka viraka.

Mzee_wa_Zoni

Dada Nasra, hayo ya 2008 ni kweli, lakini viraka viliwekwa na maisha yakaendelea. BIND ilianzia Chuo Kikuu cha Berkeley miaka ya 1980, na BIND 9 tunayoitumia leo, inayotunzwa na shirika la ISC, ilitoka mwaka 2000. Faida yake kubwa kwa chuo haimo kwenye kasi. Imo kwenye watu: kijana atakayeajiriwa baada ya Fundi kuhama kuna uwezekano mkubwa kwamba alifundishwa BIND darasani. Aidha ina uwezo wa kutoa jibu moja kwa aliye ndani ya mtandao na jibu lingine kwa aliye nje, kwa jina lile lile, bila kuongeza programu nyingine. Lakini bado tunasubiri majibu ya mwenye mada.

Fundi_Raskazone

Samahanini kwa kuchelewa, umeme ulikuwa umekatika. Kompyuta ni kama 180 katika majengo mawili yaliyounganishwa kwa faiba. Kikoa cha nje kiko kwa msajili na tovuti inafanya kazi vizuri. Ipo pia Windows Server ya ofisi ya fedha iliyowekwa na mkandarasi, kompyuta zipatazo thelathini zimejiunga nayo, na jina la kikoa chake ni chuo.local.

Kisiki_Dodoma

Hapo mada imebadilika, mkuu. Kompyuta iliyojiunga na Active Directory huitafuta seva yake kwa kuuliza rekodi za SRV, zinazotaja seva inayotoa huduma fulani, kama vile _ldap._tcp, na rekodi hizo anazo Windows Server peke yake. Ukizielekeza kompyuta za fedha kwenye Unbound au MikroTik bila maandalizi, watumiaji watasubiri muda mrefu kuingia asubuhi na baadhi ya sera za usalama hazitafika kwenye mashine zao. Pendekezo langu, ambalo najua halitampendeza Mzee, ni kuitumia DNS ya Windows iliyopo kwa chuo kizima, kwa sababu mmekwisha kuilipia na inaandika majina ya mashine yenyewe kila DHCP, huduma inayozipa kompyuta anwani na kuzionyesha seva ya DNS, inapogawa anwani.

Nasra_wa_Kilindini

Kompyuta 180 zitegemee seva ya ofisi ya fedha, ambayo pengine iko chini ya meza ya mhasibu? Hapana. Njia ya kati ipo: Unbound iwe mbele ya wote, kisha iambiwe kwamba swali lolote la chuo.local lipelekwe kwenye Windows. Jambo moja tu lisisahaulike: zoni ya mizizi, yaani orodha ya juu kabisa ya vikoa vya DNS, imetiwa saini za DNSSEC, za kuthibitisha kwamba jibu ni halisi, tangu 2010, na saini hizo zinathibitisha kwamba hakuna kikoa kinachoitwa local, hivyo Unbound italikataa jibu la Windows kuwa ni la kughushi mpaka uitamke zoni hiyo waziwazi kuwa haina saini.

Mzee_wa_Zoni

Na jina lenyewe la .local ni tatizo la kurithi. Tangu RFC 6762 (RFC ni nyaraka za kanuni za kiufundi za intaneti) ya mwaka 2013, local imetengwa kwa mashine zinazotambuana zenyewe bila seva, kwa hiyo kompyuta za Mac na baadhi ya za Linux hulitangaza swali kwa majirani badala ya kuiuliza seva yako. Kwa mifumo mipya tumieni kikoa kidogo chini ya kikoa chenu halali, kwa mfano kinachoanza na "ndani".

Kijana_wa_Faiba

Kwa nini asitumie .internal? ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliitenga mwaka 2024 kwa matumizi kama haya.

Mzee_wa_Zoni

Anaweza, lakini siku akitaka cheti cha HTTPS kinachokubalika na vivinjari vyote hatakipata, kwa kuwa hakuna anayeweza kuthibitisha umiliki wa jina lililo chini ya .internal. Kwa kikoa halali anaweka rekodi ya TXT (ya maandishi) kwenye zoni ya nje, watoa vyeti wa Let's Encrypt wanaisoma na kutoa cheti, hata kama seva yenyewe haionekani kutoka nje.

Maabara_Mbeya

Naomba nieleze niliyoyaona, kwa sababu mwenye mada ameandika "BIND kwenye seva moja" na neno "moja" ndilo linaloniogopesha. Taasisi niliyoitwa kuisaidia, ambayo sitaitaja, ilikuwa na seva kuu ya majina ofisini kwake na seva ya pili katika mji mwingine, iliyonakili zoni kutoka kwa ile kuu. Radi ikapiga, seva kuu ikafa. Tovuti ilipoendelea kufunguka na barua pepe zikaendelea kuingia, uongozi uliridhika kwamba hakuna haraka, na ununuzi wa seva mpya ukasubiri kikao cha zabuni. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya rekodi ya SOA, yenye mipangilio ya zoni nzima, kuna namba inayoiambia seva ya pili iishi na nakala yake kwa muda gani ikiwa haimpati mkuu wake. Aliyeiandika zoni ile aliweka 604800, yaani sekunde za siku saba.

Siku saba zilipotimia seva ya pili iliacha kujibu, kama ilivyoagizwa. Kilichowachanganya zaidi ni kwamba jina halikupotea kwa wote wakati mmoja, kwa sababu seva za watoa huduma mbalimbali zilikuwa bado na majibu ya zamani kwenye akiba, kila moja kwa muda uliobaki. Aliyetumia laini ya simu ya kampuni hii aliiona tovuti, aliyetumia ya kampuni ile hakuiona, na mafundi wakamaliza siku nzima wakizima na kuwasha seva ya wavuti na fayawoli ambazo hazikuwa na kosa lolote. Barua pepe zilisalimika kwa kuwa seva za watumaji, zikikosa jibu la DNS, huziweka barua kwenye foleni na kujaribu tena kwa muda.

Tulipofika, nakala ya zoni ilikuwa bado kwenye diski ya seva ya pili, ila BIND huihifadhi nakala ya namna hiyo katika umbo ambalo mtu hawezi kulisoma kwa jicho. Tuliigeuza kuwa maandishi kwa zana ya named-compilezone, tukaifanya seva hiyo kuwa kuu, na majina yakarudi. RFC 1912 inapendekeza muda huo uwe wiki mbili hadi nne, na binafsi sijawahi kukubali chini ya wiki nne tangu siku ile.

Fundi_Raskazone

Asante sana, nimeogopa ipasavyo. Basi nikiweka seva yangu kuwa ya kwanza, halafu 8.8.8.8 kuwa ya pili kwenye DHCP, si nitakuwa nimejikinga?

Kisiki_Dodoma

Usifanye hivyo kabisa. Kompyuta haiichukulii ya pili kuwa ni akiba ya siku ya shida tu. Mara inapochelewa kujibiwa huhamia huko, na 8.8.8.8 ikiulizwa jina la mfumo wenu wa matokeo itajibu kwa uhakika kwamba halipo. Utapata malalamiko ya "leo inafunguka, kesho haifunguki" ambayo hayana mwisho. Ya pili nayo iwe ya kwenu, yenye majibu yale yale, na iwekwe katika jengo la pili.

Kijana_wa_Faiba

Ndiyo maana nasema MikroTik. Haihitaji diski, inakula umeme kidogo, na matoleo ya sasa yanaweza kuyaelekeza maswali ya chuo.local kwenye Windows bila programu nyingine. Nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, ofisi yetu iliendelea kufungua mifumo yake ya ndani kwa majina, na majina hayo yaliandikwa kwenye ruta tu.

Mzee_wa_Zoni

Seva yoyote ya ndani ingefanya hivyo, kijana. Na ukiiruhusu ruta kujibu maswali ya wengine, hakikisha umefunga mlango (port) 53, unaotumiwa na DNS, upande wa intaneti, UDP na TCP, la sivyo wahalifu wataitumia kuwashambulia watu kwa majibu makubwa kuliko maswali, na laini yenu ndiyo itakayojaa.

Dada Nasra naye asisahau saa. Kompyuta ndogo zisizo na betri ya saa, umeme ukikatika huamka na tarehe ya zamani, na kwa tarehe hiyo saini za DNSSEC huonekana kuwa bado hazijaanza kutumika, hivyo Unbound hukataa kila kitu, pamoja na jina la seva ya NTP (ya kusawazisha saa) ambayo ingerekebisha saa.

Nasra_wa_Kilindini

Nakubali, ingawa dawa yake ni nyepesi: seva ya NTP iandikwe kwa namba ya IP badala ya jina, au inunuliwe mashine yenye betri. Hilo si sababu ya kurudi kwenye BIND, ambayo nayo ikikagua saini itakwama vivyo hivyo.

Kisiki_Dodoma

Kabla hamjaendelea kuvutana, mwenye mada aende kwenye kompyuta moja ya fedha, aandike amri ya nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.chuo.local, kisha atuletee jibu. Aifungue pia Windows Server yenyewe aone maswali ya nje inayapeleka wapi.

Fundi_Raskazone

Jibu la amri limekuja na jina la seva moja tu. Kuifungua seva yenyewe siwezi, kwa sababu mkandarasi hakukabidhi nenosiri la msimamizi na mkataba wake uliisha mwaka jana.

Kisiki_Dodoma

Seva moja, tena bila nenosiri. Mkuu, hiyo ifungulie mada yake, na uongozi umwandikie mkandarasi barua rasmi leo. Wakati huo kompyuta za fedha ziache zilivyo, usiziguse DNS zake, na hiyo Unbound au BIND uijaribu kwanza kwenye maabara ya wanafunzi.

Kijana_wa_Faiba

Au MikroTik.