Fischer's Tower, Hell's Gate: kupanda mwamba na kushuka kwa kamba kwa sisi waoga, tuanzie wapi?

Mwanagenzi_Athi

Habari zenu wana jukwaa. Mimi na kaka yangu tunataka kwenda Hell's Gate, Naivasha, mwezi ujao tujaribu kupanda Fischer's Tower kisha tushuke kwa kamba. Hatujawahi kugusa kamba ya kupandia, na wote wawili tunaogopa mahali pa juu. Tukisimama kwenye roshani ya ghorofa ya nne tu, magoti yanalegea.

Mimi nina kilo 56, yeye 92. Tumeambiwa mmoja anapanda huku mwenzake anamshikia kamba chini. Kwa tofauti hiyo ya uzito inawezekana kweli? Vifaa vya kukodi nitajuaje kama ni vizima? Mimi huvaa hijabu, je, itasumbua nikivaa kofia ngumu? Na lile linaloninyima usingizi: pale juu ukingoni, mtu anaanzaje kurudi kinyumenyume kwenye hewa tupu?

Kamba_Kumi

Karibu dada. Nguzo yenyewe ina mita 25 hivi. Ni lava iliyoganda kwenye koo la volkeno, kisha vilivyoizunguka vikamomonyoka. Iko karibu na Lango la Elsa la kuingilia hifadhi, kwa hiyo hamtachoshwa na mwendo kabla ya kazi. Anayeanza hupanda kwa kamba ya juu: mkufunzi anatangulia, anaweka nanga kileleni, yaani mahali imara pa kubebea kamba, kamba inapita hapo na ncha zote mbili zinarudi chini. Ncha moja unafungiwa wewe, upande wa pili uko kwa mshika kamba, naye anavuta kila unapopiga hatua. Ukiteleza unaning'inia karibu na pale ulipokuwa. Mita 25 kwenda na 25 kurudi ni 50, ndiyo maana huletwa kamba ya mita 60.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika kusemwa. Kamba ya kupandia imetengenezwa inyumbulike ili isimkate mtu kiuno akianguka. Ikibeba kilo 80 hurefuka kati ya asilimia 6 na 10. Sasa piga hesabu: kaka yako akiwa mita mbili tu kutoka chini, kati yake na mshika kamba kuna karibu mita 48 za kamba. Akiteleza hapo, kamba inaweza kuvutika mpaka miguu yake iguse ardhi, na hapo hakuna kifaa kibovu wala mtu aliyezembea. Dawa ni kuikaza sana katika mita nne za mwanzo, hadi mpandaji ahisi hanesi, yaani ule mkanda wa kiuno na mapaja, inamnyanyua kidogo. Chini yake pasiwe na mtu, begi wala jiwe lenye ncha.

Uzito. Kilo 92 dhidi ya 56 ni zaidi ya mara moja na nusu. Msuguano wa kileleni unasaidia, lakini kaka akiketi kwenye kamba wewe utainuka kutoka ardhini na kuvutwa kuelekea ukutani. Ukishtuka, jambo la kwanza mkono unalotaka kufanya ni kuachia kamba ujikinge uso. Hiyo ndiyo hatari yenyewe. Kwa siku ya kwanza kaka ashikiwe na mkufunzi. Kama lazima umshikie wewe, ufungwe kwa nyuma kwenye nanga ya chini, usimame karibu na mwamba, na mkufunzi ashike kamba nyuma ya mkono wako wa breki, ule unaoshika kamba inapotoka kwenye kifaa cha kuibana. Mkono huo hauachii kamba kwa sababu yoyote, hata nyuki akikuuma. Wewe ukipanda na kaka akishika, tatizo la uzito halipo, ila naye bado ni mwanafunzi, kwa hiyo mtu wa nyuma anahitajika vilevile.

Vifaa usione haya kuvikagua. Pitisha kamba yote mkononi, mita kwa mita. Unatafuta mahali palipolainika hadi kamba inajikunja kama mrija mtupu, palipobonyea, au ganda lililochanika mpaka nyuzi nyeupe za ndani zinaonekana. Ukikuta kimojawapo, kamba hiyo isitumike. Hanesi ina lebo ndani yenye mwaka wa kutengenezwa. Watengenezaji wengi huweka ukomo wa miaka 10 kwa vitu vya nailoni hata vikikaa kabatini, na lebo iliyofutika kabisa ni sababu tosha ya kuomba nyingine. Karabina, zile pete za aluminiamu zenye mlango, zijifunge zenyewe ukiachia, kisha skrubu ikazwe. Ubavuni zimechapwa nguvu zake: kN (kilonewtoni, kipimo cha nguvu) 20 au zaidi kwa urefu, kama 7 tu kwa upana. Ndiyo maana ikilala upande inarekebishwa kwanza kabla haijabeba mtu.

Nanga ya kileleni hutaiona ukiwa chini, kwa hiyo uliza: imefungwa kwenye pointi ngapi, na kamba inapita kwenye nini? Unataka kusikia pointi mbili au zaidi zisizotegemeana, na kamba inapita ndani ya karabina. Ikipitishwa moja kwa moja kwenye kitanzi cha nailoni, nailoni itasugua nailoni huku imebeba mtu, joto litapanda na kitanzi kitayeyuka.

Kabla ya kila mpando, mpandaji na mshika kamba wakaguane kwa macho na vidole. Mkanda wa kiuno ukae juu ya mifupa ya nyonga, ubane kiasi cha kuingiza kiganja kilichonyooshwa lakini si ngumi. Ukiwa chini ya nyonga, mtu akipinduka anaweza kuchomoka. Kamba ipite kwenye vitanzi vyote viwili vya mbele, cha kiuno na cha mapaja, wala si kwenye vile vya pembeni vya kutundikia vifaa, ambavyo havikutengenezwa kubeba mtu. Fundo ni la nane lililorudishiwa, yaani lenye umbo la tarakimu 8 ambalo ncha ya kamba imelifuata tena kurudi: hesabu jozi tano za kamba zinazolala sambamba, na mkia usiopungua upana wa kiganja.

Mteremko

Kamba_Kumi amemaliza upande wa kupanda, mimi nijibu la ukingoni.

Dada, woga wako uko mahali sahihi. Ukipanda kwa kamba ya juu, kuna mtu mwingine anayekudhibiti. Ukishuka, breki ni mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo sharti la kwanza, na hapa usikubali kubembelezwa: uwe na kamba mbili. Moja ya kushukia, na ya pili ya usalama iliyofungwa kwenye hanesi yako, yenye nanga yake, inayoshikwa na mkufunzi kutoka juu. Ukiachia mikono yote miwili kwa hofu, ile ya pili inakushika. Mkiambiwa kamba moja inatosha kwa sababu "ni pafupi tu", shukeni kwa kushushwa kama mlivyopanda, mwende mkale samaki Naivasha.

Sharti la pili: kamba ya kushukia ifungwe kwa fundo linaloweza kulegezwa likiwa na mzigo. Kinachowakwamisha wanaoanza mara nyingi ni kitu kidogo, kama nywele, ncha ya kitambaa au pindo la fulana kumezwa na kifaa cha breki. Ikitokea, mkufunzi anakukabidhi kwa kamba ya usalama, analegeza ya kushukia, unajinasua. Bila fundo hilo unabaki unaning'inia huku watu wakitafuta kisu karibu na kamba zilizokazwa, na kamba iliyokazwa hukatika kwa kuguswa tu.

Hijabu haina tatizo. Vaa ya kuvuta, isiyo na pini, ncha zote ziingie ndani ya shati, kisha kofia ngumu juu yake na mkanda wa kidevu ukazwe. Toa pete vidoleni, nyote wawili. Pete ikinasa kwenye ufa huku umening'inia, inachuna kidole.

Sasa ukingo. Ugumu wake una sababu: nanga mara nyingi iko usawa wa miguu, kwa hiyo ukiwa umesimama kamba haikubebi bado, na mwili mzima uko juu ya mahali inapovutia. Ukishapita ukingo, kamba inakuwa juu yako na kila kitu kinatulia. Hatua ngumu ni kama tatu tu.

Simama umeupa bonde mgongo, miguu ipanuke kama mabega. Vuta kamba yote iliyolegea hadi hanesi ikaze, wala usiondoke hapo kabla ya kuhisi imekaza. Mkono wa breki ukae kando ya paja, chini ya kifaa. Mwingine ushike kamba kwa wepesi juu ya kifaa, au uache kabisa. Keti kama unayekalia kigoda, legeza sentimeta chache, keti zaidi, nyayo zikibaki palepale ukingoni. Makalio yashuke hadi karibu usawa wa nyayo, ndipo uanze kusogeza mguu. Wengi hukosea hapa: wanashusha miguu kwanza huku kiwiliwili kimebaki wima kwa kuogopa kulala nyuma. Nyayo zinateleza, magoti na uso vinagonga mwamba, na vidole vya mkono wa juu vinabanwa kati ya kamba na ukingo. Kadiri unavyolala nyuma ndivyo soli zinavyoshika, kwa sababu uzito unazisukuma ndani ya mwamba.

Kama kusimama kunakushinda, omba kuanza kwa kuketi: keti ukingoni, miguu ikining'inia, kamba ikaze, geuka kwa ubavu, teleza taratibu hadi hanesi ikubebe, kisha weka nyayo ukutani. Haipendezi kwa picha lakini inafaa kabisa, na mkufunzi anayekataa njia hiyo anajali picha kuliko wewe.

Usirukeruke. Kila mruko unaishtua nanga na kuisugua kamba kwenye kona ya jiwe, na mbio hupasha moto kifaa na kuunguza kiganja. Mwendo wa kutembea unatosha. Ncha za chini za kamba zifungwe mafundo makubwa hata kama zinagusa ardhi: kumaliza kamba hewani kumeua hata wazoefu, na fundo hugharimu sekunde tano.

Gneisi

Naongezea kidogo, na kwa jambo moja natofautiana na mpango wenu wenyewe. Msianze na Fischer's Tower nzima. Mita 25 kwa mtu anayelegea magoti ghorofa ya nne ni nyingi. Ombeni kwanza mwamba wa mita 6 hadi 8, au nendeni kilima cha Lukenya, karibu na Athi River, ambako kuna njia fupi na rahisi na ambako Mountain Club of Kenya wamepanda kwa miaka mingi.

Zoezi la kwanza lisiwe kupanda. Pandeni mita tatu tu, semeni "kaza", kisha ketini kwenye hanesi, muachie mikono yote miwili na mshushwe. Rudieni mara nne au tano mpaka mwili wenyewe ukubali kwamba kamba inabeba. Mtu asiyewahi kuketi kwenye kamba hupanda akijishikilia kwa mikono, na mikono huisha nguvu ndani ya dakika chache.

Wapo wanaosema waoga waanze kwa kushuka kwa sababu hakuhitaji nguvu. Sikubaliani. Anayepanda anaizoea kamba kuanzia chini, na akitaka kushuka anashushwa papo hapo. Anayeanza kwa kushuka anakutana na kamba kwa mara ya kwanza palepale penye hofu kubwa zaidi.

Mwamba wa Hell's Gate una nyufa nyingi na vipande vingine havikushika. Gonga kishikio kwa kiganja kabla ya kukivuta. Kikitoa sauti ya uwazi, tafuta kingine. Kofia zivaliwe hata na walio chini. Angalieni nyufa zenye nyuki, na manukato myaache nyumbani siku hiyo. Anzeni asubuhi, hapo ni kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na jua la saa sita huchoma. Mkisikia radi, hata ya mbali, shukeni. Na baada ya kupanda msiteremke korongoni kama kuna wingu zito: maji yanayotoka juu yaliua watu humo mwaka 2012 na tena 2019.

Mwanagenzi_Athi

Nawashukuru mno. Mawili ya mwisho: nikiganda katikati, miguu ikianza kutetemeka, nifanye nini? Na maneno ya kuitana ni yapi?

Kamba_Kumi

Mguu hutetemeka kwa sababu umesimamia vidole huku kisigino kiko juu, na msuli wa nyuma unachoka. Shusha kisigino, nyoosha goti, toa pumzi yote nje hadi iishe kabisa. Nyoosha na mikono pia. Kuning'inia kwa kiwiko kilichokunjwa ndiko kunakomaliza nguvu. Ning'iniza mkono mmoja chini uukung'ute, kisha ubadilishe. Ukiona bado, sema "kaza" na uketi. Kuketi kwenye kamba hakuharibu kitu, unaendelea ukiwa tayari.

Maneno mkubaliane chini kabla, na kila moja litanguliwe na jina, maana huenda kuna kundi jingine karibu. "Umeshika?" "Nimeshika." "Napanda." "Panda." "Kaza" kuvuta kamba, "legeza" kuongeza, "nishushe" kushuka. Epukeni "sawa" na "haya", hayo husikika popote na hayana maana moja. Jiwe likiponyoka, paza sauti "jiwe!" papo hapo, na walio chini wasitazame juu: wabane ukutani, vichwa wakiinamisha.

Mteremko

Na kabla ya "nishushe", subiri mshika kamba avute hadi uhisi amekubeba, ndipo uachie mwamba. Wengi huachia kwanza.