Tupeane uzoefu: viazi vya kuoka na krimu siku ya sikukuu, vilikutia aibu au vilikupa sifa?

kijiko_kimoja (mleta uzi)
Habari zenu wapendwa. Nazungumzia vile viazi mviringo vinavyokatwa slesi, vinapangwa kwenye trei, vinamwagiwa krimu na jibini alafu vinaingia oveni, vinakaa mezani pembeni ya nyama. Kila mtu ana kisa chake na hivi viazi, naomba tusimulie bila kuoneana haya. Naanza mimi.

Sikukuu iliyopita tulikula kwa mama mkwe na hakuna aliyenituma, mwenyewe kiherehere changu nikamwambia wifi "viazi niachieni mimi". Nikakata slesi nene kama kidole gumba, krimu nikaiona nzito sana kwa wazee nikatumia maziwa ya kawaida, juu nikarundika jibini. Saa moja ikaisha, natoa trei, juu rangi ya dhahabu inachemka pembeni, nikapiga na picha. Kufika mezani sasa, kijiko kinagonga kiazi ko ko ko, chini maziwa yamekatika yani maji yanaelea peke yake na vichenga vyeupe peke yake. Mama mkwe akachota, akatafuna, jamani mlio niliusikia kutoka upande wa pili wa meza. Akameza, akaniangalia kwa upole, akasema "mwanangu, viazi vyako vina msimamo."

Mpaka leo kwenye grupu la familia naitwa Msimamo. Haya leteni vyenu.

shangazi_moto_mdogo
Hahahaha msimamo!! Pole mdogo wangu. Mi yangu ilikuwa hivyohivyo ila mimi nilivirudisha oveni wageni wakiwa wameshakaa, nyama ikaliwa ikaisha, watu wameanza keki ndo viazi vinatoka. Tulivila kama kitindamlo.

Nilichojifunza, unene ndo kila kitu. Slesi iwe milimita 3 hivi, na muhimu kuliko zote ziwe SAWASAWA, maana ukichanganya nyembamba na nene zingine zinakuwa uji zingine bado zinagonga. Tangu siku hiyo siweki vibichi kwenye trei. Natia krimu na maziwa kwenye sufuria, chumvi, kitunguu saumu, kungumanga kidogo, natumbukiza slesi humo humo naacha vichemke taratibu dakika 8 mpaka 10, nakoroga kwa mwiko polepole visivunjike. Ule wanga wa kiazi unatoka unaifanya krimu iwe nzito yenyewe bila hata unga. Alafu ndo namwaga kwenye trei. Hapo oveni inamalizia tu, haianzi kazi upya.

baba_wa_jikoni
Shangazi kamaliza, mi naongezea vipimo kwa wanaopenda vipimo. Watu 8 mpaka 10 kama hivi viazi ni cha pembeni na sio mlo wenyewe: viazi kilo 1 na nusu, krimu nusu lita, maziwa robo lita, jibini gramu 200. Oveni nyuzi 180, kama ina feni shusha 160. Dakika 40 umefunika foili, alafu unafunua unaweka jibini unaacha dakika 20 au 25 mpaka juu pakauke rangi. Kupima usiangalie rangi, rangi inadanganya kama ilivyomdanganya mleta uzi. Chukua kisu chembamba choma katikati ya trei, sio pembeni, pembeni kunawahi kuiva. Kisu kikizama chenyewe bila kusukuma ndo tayari.

Ukitoa usipakue hapohapo, acha dakika 15. Najua watu wana njaa wanakuzunguka na sahani ila ukiwahi kukata krimu yote inakimbilia kona moja, ukiiacha inashikana na unakata vipande vya mraba kabisa.

nusu_kilo
Mi nilivifua jamani. Nilizoea viazi vya kukaanga, unakata unaosha maji matatu mpaka yawe meupe ili vikauke vizuri kwenye mafuta, sasa nikajua ndo utaratibu wa viazi vyote duniani. Slesi nikaziloweka usiku kucha kwenye maji, asubuhi nikaosha tena. Vikaiva vizuri tu lakini krimu ilibaki nyepesi kama maziwa ya chai, vipande vinateleza hovyo kwenye sahani. Kumbe wanga wote niliumwaga kwenye sinki.

shangazi_moto_mdogo
Ndo ujue sasa. Vya kukaanga osha, vya krimu usioshe. Ukiogopa visiwe vyeusi menya viache vizima kwenye maji, vikate dakika ya mwisho kila slesi inaangukia kwenye krimu moja kwa moja. Kiazi kinageuka rangi kwa sababu ya hewa, kikizama hewa hakipati.

mkaa_kimya
Huwa nasoma tu siandiki ila huu uzi umenigusa. Sijaunguza, sijapika kibichi, mimi nilipasua. Nilitaka kuwa mjanja, usiku wa kuamkia sikukuu nikapanga kila kitu kwenye bakuli la kioo nikaweka kwenye friji. Kesho yake oveni nimeshaiwasha ni ya moto kwelikweli, nikatoa bakuli kwenye friji likiwa baridi hivyohivyo nikaliingiza. Dakika chache nikasikia PAAA. Nikajua ni mtungi wa gesi, nikatoka nje mbio na mtoto mgongoni na upawa mkononi. Kurudi, bakuli limegawanyika vipande viwili, krimu inaungua chini ya oveni moshi nyumba nzima. Hatukula viazi mwaka ule kwa kweli, tulikula harufu yake.

Kioo hakipendi kushtuliwa. Siku hizi nalitoa friji mapema likae mezani lipoe ubaridi, au natumia trei ya chuma.

baba_wa_jikoni
@mkaa_kimya "tulikula harufu yake" 😂😂 nimecheka mpaka mama watoto kaja kuuliza kuna nini.

Na hiyo ya kuandaa jana yake ina shida nyingine, viazi vibichi vikilala vinakuwa rangi ya kijivu. Ukitaka kuwahi OKA kabisa jana yake, robo tatu hivi, bila jibini la juu, acha vipoe ndo vilale kwenye friji. Siku yenyewe unafunika foili unapasha kama dakika 40, unafunua unaweka jibini. Tena vya kulala wengine tunavipenda kuliko vya siku hiyohiyo, ladha imeingia. Ila kugandisha kwenye friza hapana, krimu ikija kuyeyuka inakuwa chengachenga na kiazi kinakuwa kama sponji.

wifi_wa_mtaa_wa_pili
Mimi kisa changu ni chumvi. Kilo tatu za viazi, jibini zuri, kila kitu kizuri, chumvi nikasahau. Sio kwamba niliweka kidogo, sikuweka. Watu walikula kwa adabu, kila mmoja anasifia ile rangi, hakuna anayesifia ladha, nami nashangaa mbona kikopo cha chumvi kinazunguka meza nzima kama sadaka. Na ukinyunyizia juu haisaidii maana kiazi ndani kishaiva hakina kitu.

Onja krimu kabla ya kuchanganya na kiazi. Iwe imezidi chumvi kidogo, kiazi kinameza chumvi sana.

mzee_wa_kona
Mi sijawahi kupika ila nina miaka mingi ya kula kwa hiyo na mimi nina uzoefu. Kona ya trei ndo kila kitu. Pale palipokauka pakashikana na jibini. Kwetu tunapigania zile kona nne kama viwanja. Mwenye trei ya duara huyo hana upendo.

shangazi_moto_mdogo
Mzee karibu jikoni mwaka huu uje umenye basi 😏

msomi_wa_sufuria
Naona wengi mnasema jibini jibini. Kule vilikotokea hivi viazi, mkoa wa zamani wa Dauphiné Ufaransa, wenyewe wakali wanasema jibini halimo kabisa. Viazi, krimu, maziwa, kitunguu saumu unasugua kwenye bakuli, basi. Nilijaribu nikidhani vitapooza lakini nilishangaa, kiazi chenyewe ndo kinasikika. Marekani nao, hasa Utah, wana aina yao, kiazi kinaparuzwa badala ya kukatwa slesi, kinachanganywa na krimu chachu na supu nzito ya kopo, juu wanamwaga kofleksi na siagi. Wanaviita viazi vya msibani maana ndo majirani wanavyowapelekea wafiwa, ila siku za sikukuu navyo vipo mezani. Nilipowaambia nyumbani jina lake hakuna aliyetaka kuonja wa kwanza. Baadaye trei ikarambwa.

Nikirudi kwenye visa, langu ni jibini la pakiti lile lililokwisha kuparuzwa. Lile linapakwa wanga ili lisishikane kwenye pakiti, sasa kwenye moto haliyeyuki vizuri, lilikaa juu kama zulia, ukivuta kipande linakuja lote. Nunua kipande uparuze mwenyewe, mkono utauma ila ndo hivyo.

nusu_kilo
Na ambao hawatumii maziwa wafanyeje? Tuna mgeni anaumwa tumbo akigusa maziwa tu.

wifi_wa_mtaa_wa_pili
Panga slesi na vitunguu maji ulivyokaanga mpaka vikalegea, mwagia supu ya kuku au nyama iliyokolea mpaka karibu na juu, oka hivyohivyo. Kama hatumii siagi paka mafuta ya kawaida. Sio krimu lakini nakwambia wenye krimu watachota huko pia.

msomi_wa_sufuria
Samahani mleta uzi, kuna kitu kinanisumbua kwenye kisa chako tangu mwanzo. Slesi nene sawa, maziwa mepesi sawa, hayo yanaeleza mengi. Ila saa nzima kwenye oveni na bado kinagonga ko ko ko? Na maziwa kukatika kiasi kile mpaka maji peke yake? Hebu sema ukweli, ulitia nini kingine?

kijiko_kimoja
…

Limao.

Msinicheke. Niliona yatakuwa mazito yatawakinai wazee nikakamulia limao moja zima ili yachangamke. Kwenye sufuria harufu ilikuwa nzuri mno.

msomi_wa_sufuria
AHAAA. Nilijua!! Limao lilikufanyia mawili kwa mpigo. Kwanza uchachu na moto unakata maziwa, hasa haya mepesi, krimu yenye mafuta asilimia 30 na zaidi ndo inavumilia kidogo. Pili uchachu unazuia kiazi kulainika, ndo maana hata ukipika viazi kwenye mchuzi wenye nyanya nyingi vinachukua muda mrefu. Yani ungeviacha mpaka usiku vingebaki na msimamo wao. Ukitaka uchachu kamulia kwenye saladi ya pembeni.

mkaa_kimya
Kumbe msimamo ulikamuliwa 😂

mzee_wa_kona
Limao moja zima!! Mungu ampe mama mkwe wako maisha marefu, mwingine angesema mengine.

kijiko_kimoja
Narudi na mrejesho, nilisubiri niwe na siku isiyo na wageni nijaribu kimyakimya. Viazi vinane tu, trei ndogo. Nilikata na kile kikatio cha wembe (kidole kimoja kina plasta, tumieni ule mshikio jamani haukuwekwa kwa urembo), nikavichemsha kwenye krimu sufuriani kama shangazi alivyosema. Dakika ya saba niliona kabisa krimu inabadilika, kwanza ilikuwa inadondoka kwenye mwiko kama maji alafu ikaanza kuushika mwiko. Nikaonja, chumvi imezidi kidogo, nikasema sawa wifi kasema. Foili, nikafunua, jibini la kuparuza mwenyewe. Kisu kikazama. Dakika 15 nilikaa nje ya jiko kabisa maana ningebaki mle ningekata.

Tulikula wawili mimi na mume wangu, ikabaki nusu, nikafunika nikaweka kwenye friji nikasema kesho nampelekea mama mkwe aonje ajue nimebadilika. Usiku nikasikia mlango wa friji. Asubuhi natazama trei, kona zote mbili zilizokuwa zimebaki hazipo, katikati hapajaguswa, kama panya mwenye akili alipita.

Nikampelekea hivyohivyo bila kona. Akachota, akatafuna, kimya. Akachota tena. Alafu akauliza kona ameila nani.