Kupaka rangi kalipa za breki nyumbani: ya kupuliza, ya brashi au ya unga?

Kibatari77
Wakuu salaam. Mwisho wa wiki hii nataka kupaka rangi kalipa za gari langu (vile vipande vinavyobana pedi kwenye diski ya breki) mwenyewe, hapa hapa nyumbani. Zimepiga kutu, rimu zangu ni za wazi, basi kila nikiosha gari macho yanaishia kwenye ule wekundu wa kutu. Nimeona njia tatu: kopo la kupuliza la joto kali, ile ya brashi inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha), na rangi ya unga inayochomwa kwenye tanuri. Ipi inadumu? Nataka kununua kabla ya Ijumaa. Rangi ni nyekundu, hilo nimeshaamua.

MzeeSpana
Gari gani? La mwaka gani? Kalipa unazifungua au zinabaki kwenye gari? Nyuma ni diski au dramu? Stendi unazo au una jeki tu? Umetuambia siku na rangi, mengine yote umebaki nayo.

KutuSifuri
Ya brashi. Nimepaka magari mawili, hakuna lililobanduka. Inatoka nzito, ukishapaka inajitandaza yenyewe na kufunika ukwaruzo wa chuma cha kusubu, alama za brashi huzioni. Faida kubwa ni kwamba unapaka pale unapotaka tu. Hufuniki gari zima kwa magazeti. Angalizo moja: usichanganye kopo lote na hadina kwa mara moja. Ikishachanganywa saa zinahesabika, ukichelewa inagandia ndani ya kopo na brashi yako humo humo.

DadaGia
Mimi napinga. Ya kupuliza ukiijulia inatoka safi kuliko brashi yoyote, hasa kwenye vile vipembe vya breketi (fremu inayoshika kalipa) ambako brashi haiingii. Siri ni tabaka nyembamba. La kwanza lipite kama ukungu tu, chuma bado unakiona. Subiri dakika kumi hivi au kama kopo linavyosema, rudia. Wanaoharibu ni wale wanaotaka kumaliza kwa mkupuo mmoja, inachuruzika halafu wanalaumu kopo.

Kuziba ndiyo kazi yenyewe. Diski yote, habu (kitovu cha gurudumu), raba za vumbi, nati ya kutolea hewa, mpira wa breki. Mimi hutumia tepu ya karatasi na karatasi ya alumini, ile inakunjika inavyotaka mkono.

ChumaChakavu
Wote mnapoteza muda. Rangi ya unga. Nilipaka mara moja na imebaki vile vile, jiwe likiipiga haipati hata alama.

DadaGia
@ChumaChakavu mwambie mwenzio na upande wa pili basi. Rangi ya unga inachomwa kwenye nyuzi karibu 200 za Selsiasi. Maana yake kalipa inavuliwa yote: pistoni nje, sili nje, raba za vumbi nje. Ukirudisha unaweka raba mpya, mafuta ya breki mapya, na unatoa hewa magurudumu yote. Huyu kasema "mwisho wa wiki, nyumbani".

ChumaChakavu
Mimi kalipa zangu zilikuwa zinafanyiwa ukarabati tayari, kwa hiyo sikuona tabu. Lakini nakubali, kama hufungui pistoni usiende huko.

NusuFundi
Kwani kuna haja ya rangi maalum ya kalipa? Mimi nilitumia rangi ya injini iliyobaki, ile ya kupuliza, na bado ipo. Hizi zilizoandikwa "kalipa" naona ni rangi ile ile imebadilishiwa picha ya kopo.

KutuSifuri
@NusuFundi hapana kaka. Ya kalipa inastahimili joto kubwa zaidi. Kuna zilizoandikwa hadi nyuzi 480. Breki zinachemka mpaka diski zinawaka nyekundu, umeona mashindanoni.

MzeeSpana
Diski zinawaka, siyo kalipa. Hapa watu wanachanganya kila mara. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya lazima yastahimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka, na yakishanyonya unyevu kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. DOT 3 iko chini zaidi, 205 na 140. Sasa kalipa yako ikifika 480, mafuta yaliyo ndani yake yalishachemka zamani, pedali imezama sakafuni, na wewe una shida kubwa kuliko rangi.

Kinachobandua rangi ya kalipa mtaani ni vitu vitatu. Kutu na grisi iliyoachwa chini yake. Vumbi la pedi linaloganda na kuoshwa kwa dawa kali za rimu. Na mafuta ya breki yenyewe. DOT 3 na DOT 4 yanakula rangi, tone moja likikaa usiku kucha asubuhi unakuta malengelenge. Hapo ndipo ya hadina inaposhinda, siyo kwa joto. Na hapo ndipo rangi ya injini ya @NusuFundi inaweza kufaa kabisa mpaka siku utakapotoa hewa ukamwagia.

NusuFundi
Kwa hiyo nilikuwa sawa.

KutuSifuri
Hakusema hivyo.

Kibatari77
Samahani wakuu nilikuwa kazini. Gari ni hachibaki ndogo ya 2009, mbele kalipa ya pistoni moja. Kalipa sitaki kuzifungua, nataka zibaki pale pale. Stendi nitaazima. Nyuma nimetoka kuchungulia sasa hivi na tochi… nyuma ni dramu.

DadaGia
😂 Dramu haina kalipa. Kwa hiyo "kalipa zangu" ni mbili.

Kibatari77
Ni mbili, ndiyo. Halafu nimeona kitu kingine, sidhani kama kinahusu rangi. Upande wa kushoto, pedi ya ndani imeisha karibu na chuma na ya nje bado nene. Kulia ziko sawa sawa.

MzeeSpana
Hicho ndicho kinachohusu. Achana na rangi kwanza.

Kalipa ya pistoni moja inaelea. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza kwenye pini zake kuja kuivuta pedi ya nje. Pini ikikwama, pedi ya ndani inafanya kazi ya wawili. Huenda pia ni pistoni hairudi vizuri, lakini anza na pini, ndizo zinazokwama mara nyingi. Zitoe, zifute, angalia kama zina kutu au mikwaruzo, angalia raba zake kama zimechanika. Grisi iwe ya silikoni au ile iliyoandikwa kuwa ni ya pini za breki. Grisi ya kawaida ya petroli inavimbisha zile raba, na miezi michache baadaye uko pale pale.

Pedi zinabadilishwa pande zote mbili, kushoto na kulia, siyo ule mmoja ulioisha. Na ukishaifungua kalipa kwa ajili ya pini, utakuwa umekaribia sana kuipaka ikiwa huru. Ining'inize kwa waya, usiiache ining'inie kwa mpira wake. Na mtoto asiingie ndani ya gari akakanyaga breki, pistoni itaruka nje.

BiziDebe
Ngoja niseme yangu, maana nimesoma mpaka hapa hakuna aliyegusa habu isipokuwa DadaGia, tena kwa neno moja tu.

Mimi nilikuwa mtu wa kupuliza. Jumamosi, jua zuri, nikainua mbele, nikatoa matairi, nikasugua kalipa kwa brashi ya waya, nikaziba diski kwa gazeti. Nikapuliza kalipa mbili, zikang'aa, nikafurahi. Kopo likabaki na rangi nyingi. Nikaangalia ule uso wa habu katikati ya diski, pale rimu inapolalia, umejaa kutu. Nikasema mbona huu nao unaonekana kupitia rimu? Nikatoa gazeti la katikati nikapuliza. Tabaka nne, nene, mpaka kwenye nyuzi za bolti. Niliona fahari kabisa.

Jumapili nikafunga matairi. Nati nikakaza kwa nguvu zangu zote, nikaenda zangu. Siku ya tatu usukani ukaanza kutetemeka kidogo nikiwa barabara kubwa. Nikasema balansi. Siku ya nne mtetemo ukaja na sauti, tok tok tok, polepole, inalingana na mzunguko wa gurudumu. Hapo nilikuwa na mama yangu mzazi kiti cha mbele, na yeye ndiye aliyesema "mwanangu, gari linagonga mlango." Nikasimama pembeni. Tairi la kulia, nati mbili zinazunguka kwa vidole. Nyingine zimelegea. Kushoto nako moja.

Fundi aliyekuja alivua tairi akanionyesha. Ile rangi nene niliyoipaka kati ya habu na rimu ilikuwa imesagika, imekuwa vumbi jekundu. Ilipokaa pale wakati nakaza, nati zilikuwa zinabana rangi, siyo chuma juu ya chuma. Rangi ikasagika, nafasi ikabaki, mkazo ukaondoka. Matundu ya rimu yalishaanza kuliwa na bolti. Nilipoteza rimu moja na bolti zote za mbele. Mama hakuwahi kunisimanga, ila hadi leo akipanda gari langu anauliza kwanza, "matairi umeyakaza?"

Kwa hiyo: uso wa habu hapana. Nyuma ya rimu hapana. Nyuzi za bolti hapana. Na nati zikazwe kwa spana ya kupimia kwa kipimo cha kitabu cha gari, halafu zirudiwe baada ya kutembea kidogo.

KutuSifuri
Hii ndiyo sababu nasema brashi.

BiziDebe
Ningekuwa na brashi ningepaka vile vile. Tatizo halikuwa kopo, lilikuwa mimi.

DadaGia
Pole sana. Na mama apewe cheo humu.

Ukingo_wa_Rimu
Mimi swali langu ni hili: nyekundu ya nini kwenye pistoni moja? Nyekundu watu wanaijua kwa Brembo, wale watengenezaji wa breki. Ukiiweka kwenye kalipa ndogo ya hachibaki ni kama mtu aliyevaa kofia ya rubani akiwa abiria. Paka nyeusi au kijivu cha chuma, inakuwa safi na haipigi kelele.

ChumaChakavu
Gari ni lake.

Ukingo_wa_Rimu
Ni lake, nami macho ni yangu. Wengine rangi zao zina maana. Porsche wakikuwekea kalipa za manjano kutoka kiwandani, maana yake kwa kawaida ni diski za kauri. Siyo urembo, ni taarifa. Sasa mtu anapaka manjano nyumbani juu ya diski ya chuma, anatangaza nini?

NusuFundi
Anatangaza kwamba anapenda manjano.

Ukingo_wa_Rimu
Na wale wa stika? Wanabandika jina la kampuni ya breki juu ya kalipa ambayo kampuni hiyo haijawahi kuiona.

KutuSifuri
Mimi nina hizo stika, tafadhali tuheshimiane.

Kibatari77
Jamani. Nyekundu nimeshaamua. Tusaidiane la dramu. Nikiacha nyuma na kutu, mbele nyekundu, litakuwa gari la vipande viwili. Nazo zipakwe nyekundu?

DadaGia
Dramu paka nyeusi. Dramu nyekundu ni kubwa mno, inaonekana kama kifuniko cha sufuria. Nje tu, ndani usiguse, na ule uso rimu inapolalia uzibe (msome BiziDebe tena). Ukitaka kuizungusha wakati unapaka, itabidi uachie breki ya mkono, kwa hiyo weka vizuizi matairi ya mbele na stendi chini kabla hujaachia. Ya jeki peke yake sitaki hata kuisikia.

MzeeSpana
Kwa matayarisho: brashi ya waya, msasa, halafu dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke cheupe. Vumbi la pedi usilipulize kwa kompresa, hasa kwenye dramu za magari ya zamani; baadhi ya pedi za kale zilikuwa na asbesto. Liloweshe, lifute. Ile dawa yenyewe usiitumie karibu na moto wala kabla ya kuchomelea kitu. Zile zenye klorini zikiungua zinatoa gesi ya sumu.

Na kama utachukua ya hadina, chukua ya brashi. Zile za kupuliza zenye hadina ndani ya kopo nyingi zina aisosayaneti (kemikali inayodhuru mapafu), zinataka barakoa ya kuletewa hewa safi. Kitambaa puani hakitoshi.

KutuSifuri
Umeona? Brashi.

DadaGia
Kopo la kawaida lisilo na hadina lipo, mbona mnaliruka?

Kibatari77
Nimerudi. Pini ya juu kushoto haitoki kabisa, ya chini imetoka kwa mkono. Nimepiga dawa ya kutu, naiacha mpaka kesho. Rangi sijanunua. Nimepeleka namba ya gari duka la vipuri waniangalizie pini, breketi na pedi.

MzeeSpana
Vizuri. Usiipige nyundo pini. Ipashe joto kidogo kama dawa haikusaidia, ila toa raba yake kwanza. Ikigoma kabisa nunua breketi. Na ukifunga kila kitu, pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla hujatia gia.

ChumaChakavu
Breketi mpya nyingine zinakuja zimeshapakwa kiwandani. Sasa ukipaka kulia nyekundu na kushoto imekuja ya fedha…

Kibatari77
Usiniongezee kazi.

Ukingo_wa_Rimu
Ya fedha ingependeza kuliko nyekundu, nasema tu.

NusuFundi
Samahani kuingilia, kuna aliyewahi kupaka kifuniko cha juu cha injini kwa hii hii ya kalipa? Ninalo nusu kopo.