Naomba ushauri: mota ya wati 350 kwenye baiskeli ya gia

Wakuu, nina mota ya volti 36, wati 350, pamoja na kontrola yake (kifaa cha kudhibiti umeme wa mota). Inazunguka zaidi ya mara 2,500 kwa dakika, wakati gurudumu la inchi 26 linahitaji kama 200 tu kufikia kilomita 25 kwa saa. Sproketi (magurudumu ya meno ya mnyororo) mbili pekee hazitoshi kupunguza mwendo huo wote.

Nafikiria kupitisha nguvu kwenye mnyororo wa pedeli, nifaidi gia mlimani. Hofu yangu ni pedeli kuzunguka zenyewe na kunipiga miguu. Kuna aliyefunga friwili (kifaa kinachokamata upande mmoja tu na kuzunguka huru upande mwingine) kwenye pedeli? Mnyororo wa kawaida unahimili?

Betri ni lithiamu, seli 10 zilizounganishwa mfululizo. Za asidi nzito mno, sizitaki.