Tupeane uzoefu: wimbo wa Malaika ulikukuta wapi?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Nimetoka harusini sasa hivi, Tabata. MC kaita maharusi wafungue muziki, bendi ikapiga Malaika, ukumbi mzima simu juu. Mimi roho iliniuma. Huu wimbo ni kilio cha kijana aliyeshindwa mahari, jamani! "Nashindwa na mali sina." Unaupigaje siku ya mtu aliyemaliza mpaka mkaja wa mama? Nyie ulishawakuta wapi, na uliwafanya nini?

Kibonge wa Moro
Umenena. Kwetu uliimbwa kwenye kipaimara.

Mtoto wa Voi
Mimi nimekua nao. Baba alikuwa na santuri ya Fadhili William, Mtaita mwenzetu, anaivuta kwenye gamba lake kwa ncha za vidole na sisi watoto marufuku kusogea. Fadhili aliurekodi 1960 na Jambo Boys, baadaye akaurudia na bendi ya Equator Sound pale Nairobi. Wengi mnaujua kwa Miriam Makeba tu. Makeba aliimba vizuri sana, sibishi, na ile albamu yake na Harry Belafonte ya 1965 ilipata Grammy. Lakini sikilizeni sauti ya Fadhili. Haina haraka, hailii, na ndiyo maana inaumiza.

Mzalendo Halisi
"Mwenzetu" sawa, ila mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania. Mwenyewe alieleza kwamba aliutunga katikati ya miaka ya 40 akiwa Nairobi, kwa ajili ya binti aliyenyimwa na wazazi, akaozwa tajiri.

Mtoto wa Voi
Kueleza si kuthibitisha. Fadhili mpaka anafariki 2001 alisimamia kwamba ni wake. Na ndiye aliyeufikisha studio.

Mzalendo Halisi
Kufika studio kwanza ndiyo kutunga?

Bi Mkubwa wa Likoni
Na sisi Mombasa tuna Lucas Tututu, na kuna wanaomtaja Grant Charo. Kila mji una mtunzi wake. Tuachieni mada ya watu.

Gitaa Kavu
Nimesoma nikashindwa kulala, acha niseme.

Nilikuwa napiga gitaa na kuimba kwenye bendi ya hoteli moja ya ufukweni, pwani ya Kenya. Malaika ilikuwa lazima kila usiku, wazungu wakishaanza kula. Kabla ya hapo nilishapeleka posa Tanga. Mshenga alirudi na karatasi: ng'ombe sita kwa thamani ya pesa, mkaja, kilemba cha baba, blanketi la bibi, na kitu cha wajomba ambacho hata mshenga hakukielewa. Niliomba nilipe kidogo kidogo. Wakakaa kimya, na kimya hicho kilikuwa jibu.

Mwaka uliofuata tukakodishwa kupiga kwenye harusi. Nafunga waya za spika, naona bibi harusi anaingia. Ni yeye. Bwana harusi, mtu mpole kabisa, akatuma kikaratasi jukwaani: Malaika tafadhali. Kiongozi wa bendi hakujua lolote, akahesabu, nikaanza. Beti la kwanza nilimaliza nikiangalia nyuzi. Lile la "pesa zasumbua roho yangu" halikutoka. Nikarukia la kidege, nikalirudia na kulirudia, mpiga ngoma ananikodolea macho. Bibi harusi alikuwa anatazama hina ya mikono yake, hakuinua uso mpaka tulipoingia wimbo mwingine.

Kibonge wa Moro
Mungu wangu.

Anti Sekela
Kaka, futa namba yake leo hii.

Dereva wa Usiku
Usifute! Nenda kawasalimie kama familia, ndiyo kidonda kinavyofunga.

Anti Sekela
Dereva, ukimpotosha huyu kaka utambeba wewe?

Gitaa Kavu
Namba sina. Ila nilipovunjika mguu, mumewe ndiye aliyelipa hospitali. Hakuwahi kuambiwa chochote. Nikipata pesa namrudishia, anakataa.

Mzalendo Halisi
Hapa nimeishiwa maneno. Mtoto wa Voi, yaishe kwa leo.

Mama Harusi
Kamati ya mwanangu imeshauweka Malaika kwenye ratiba. Niutoe?

Anti Sekela
Toa.

Dereva wa Usiku
Acha. Boney M waliupiga 1981 watu wakacheza disko, Angélique Kidjo akaurudia 1991. Watu wanapenda sauti yake, si lazima kila mtu alie.

Bi Mkubwa wa Likoni
Mama, muulize bibi harusi. Na kama bendi ni ya kina Gitaa Kavu, muulize na mwimbaji.

Fundi Redio
Mtoto wa Voi, ile santuri ya mzee bado ipo? Niko Mwatate na nina mashine inayozunguka vizuri, sindano mpya. Ilete kabla haijapinda, tuihamishie kwenye simu.