Mafundi wa hita za gesi, pimeni sensa ya joto kabla ya kutuuzia bodi mpya!

Wadau, nina hasira na leo nasema yote. Huku Arusha mwezi wa saba hakuogeki bila maji moto. Hita yetu ya gesi, hizi zisizo na tanki, ikaanza vituko: maji moto, mara baridi, mara moto tena, kisha inazima na kuonyesha namba ya hitilafu kwenye kioo. Nikaita fundi wa duka lililotuuzia. Akafungua mfuniko, akatazama kwa macho, akasema bodi, yaani saketi inayoiongoza hita, imekufa. Mita ya kupimia umeme hakuitoa hata kwenye begi! Tukanunua bodi, na tatizo likabaki palepale.

Aliporudi ndipo aliponichefua kabisa. Alichomoa soketi ya sensa inayopima joto la maji yanayotoka, akaunga rezista, kile kipande cha kuzuia umeme, kwenye zile nyaya, akafunika. "Nimepiga dairekti mama, haitasumbua tena." Yaani hita ikawa inaambiwa muda wote kwamba maji bado ni baridi, nayo inazidi kuchochea moto. Mama mkwe alifungua bomba amwogeshe mjukuu, mvuke ukamshtua kabla hajamsogeza mtoto. Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza vibaya mtu mzima kwa sekunde chache tu, sembuse mtoto!

Na kupima sensa si kazi ya kutisha. Zima umeme, funga gesi, chomoa soketi, weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Nyingi zinasoma karibu omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na joto likipanda namba inashuka. Kwenye nyuzi 50 inakuwa kama 3,600. Zipo za omu 50,000 pia, ndiyo maana kitabu cha hita kina jedwali lake. Itumbukize kwenye kikombe cha maji moto pamoja na kipimajoto, namba ishuke taratibu bila kurukaruka. Ikisoma sifuri imepiga shoti. Mita isiposoma kitu, imekatika ndani.

Fundi mwingine niliyemwita aliipima mbele yangu: namba ilikuwa inaruka kila akigusa waya. Akatoa ile rezista, akafunga maji, akamwaga yaliyobaki ndani, akabana klipu, sensa ikatoka imevaa ukoko mweupe wa chokaa. Akafunga mpya na mpira wake mpya wa kuzuia kuvuja, akawasha, maji yakatulia.

Bodi yetu ya zamani, nzima kabisa, lile duka waliondoka nayo. Sasa wanasema kifaa kikishafungwa hakirudishwi. Nataka pesa yangu na bodi yangu, na sitanyamaza.

Mliouziwa bodi kwa dalili kama hizi, fundi alipima sensa? Semeni hapa. Na kama hita yako imepigwa dairekti, funga gesi sasa hivi kabla mtu hajaingia bafuni.