Acheni kumbebesha Nero lawama za mwaka 476

Ndugu wanajukwaa, nimevumilia vya kutosha. Kila unapofunguliwa mjadala wa Dola ya Roma, hata saa mbili hazipiti, mtu anakuja na hoja ileile kwamba Roma ilianguka kwa uzinzi na ulevi wa makaisari wake, na mashahidi wake ni Caligula na Nero. Nero alikufa mwaka 68. Kaisari wa mwisho wa magharibi, dola ilipokuwa imegawanyika nusu mbili, Romulus Augustulus, aliondolewa na Odoacer, jemadari wa askari wa Kijerumani, mwaka 476. Hapo katikati pana miaka 408, na ndani ya miaka hiyo dola mnayodai ilikwisha kuoza ilifikia upana wake mkubwa kabisa, chini ya Trajan, mwaka 117.

Mnawezaje kuzifanya karne tano kuwa kitu kimoja? Augustus alijiita raia wa kwanza na kuliacha baraza la seneti lijadili, ingawa neno la mwisho lilikuwa lake; Diocletian, aliyeshika madaraka mwaka 284, aliyemwendea alipaswa kusujudu. Antoninus Pius peke yake alitawala miaka 23, ilhali kati ya 235 na 284 walipokezana makaisari zaidi ya 20, wengi wao wakiuawa na askari wao wenyewe. Dinari inayotajwa katika Injili ilikuwa fedha karibu tupu. Kufikia miaka ya 260 sarafu ilikuwa shaba iliyopakwa fedha juujuu, na bei zilipopaa, Diocletian alitoa amri ya kuzidhibiti mwaka 301, nayo haikufua dafu. Hata uraia, ambao Mtume Paulo aliutaja akanusurika viboko enzi ambazo wenye nao walikuwa wachache, Caracalla aliwapa karibu watu huru wote mwaka 212.

Isitoshe, dola iliyoanguka mwaka 476 ilikuwa ya Kikristo kwa amri tangu mwaka 380, na nusu yake ya mashariki iliendelea kuishi Konstantinopoli hadi 1453. Uzinzi wa Nero uliua upande mmoja tu?

Anayetaka kulieleza anguko la magharibi aanzie mwaka 439, Wavandali, kabila la Kijerumani, walipoiteka Karthago (Tunisia ya leo), kwa maana nafaka na kodi za Afrika, yaani majimbo ya Roma ya Afrika Kaskazini, ndizo zilizoilisha Roma na kulipa jeshi lake, na zilipokatika hapakuwa tena na mishahara ya askari wa kuilinda Italia.